Dizeli Iliyobaki

Madereva wa yadi ile ya saruji walimwita Tone, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Malori yote yalijazwa mafuta asubuhi, yote yalibeba mifuko mia sita, yote yalipita barabara moja ya milimani mpaka bohari la upande wa pili na kurudi. Wenzake walirudi taa ya mafuta ikiwakonyeza. Yeye alirudi na robo tenki, akashuka taratibu kama bwana harusi.

Hakuwa mchawi, alikuwa na subira tu. Alipima upepo wa matairi yote kwa kipimo, si kwa kuyapiga teke. Alikung'uta chujio la hewa. Hakuacha injini ikinguruma bure, wala hakukanyaga mafuta kama mtu anayeua nge. Akiona foleni mbele, aliutoa mguu mapema, lori likajiendea lenyewe, na mpaka alifikie gari la mwisho, foleni ilikuwa imeshasogea.

"Kila ukikanyaga breki," alikuwa akisema, "unatupa dizeli uliyokwisha kuichoma."

Hayo yote yalikuwa mema. Lakini alikuwa na jambo moja zaidi, ambalo hakumfundisha kila mtu.

Kutoka kileleni barabara iliteremka kilomita kumi na moja, kona juu ya kona, korongo likiwa mkono wa kushoto. Hapo Tone aliitoa gia, akaliacha lori liporomoke kwa uzito wake, injini ikinong'ona tu, naye akigusa breki kidogokidogo. Madereva waliuita mchezo huo kuiachia. Ilikuwa marufuku, na kibao kikubwa kilisimama pale kileleni kusema hivyo. Msimamizi wa yadi alijua, akauchuna. Kila Jumatatu alimsimamisha Tone mbele ya wenzake na kusema, "Mnamwona huyu? Barabara ni hiyohiyo, mzigo ni uleule. Ninyi mna nini?" Na Tone akasimama hapo, kilemba cha ukoka kichwani, akiangalia viatu vyake ili wasione anavyofurahi.

Kisha akaja mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Alikuwa dereva mzuri wa mabasi, mwangalifu, baba wa watoto wawili, na kampuni yake ilikuwa imefungwa. Tone ndiye aliyemwombea kazi. Wiki tatu za kwanza mdogo mtu alirudi tenki likiwa kavu, na Jumatatu moja msimamizi akauliza, "Tone, huyu mmezaliwa tumbo moja au mlikutana njiani?"

Yadi nzima ilicheka. Tone alicheka pia, lakini lilimchoma. Kesho yake alipanda kwenye lori la mdogo wake, akakaa kiti cha pembeni.

"Kaka, gari hili halinisikii," mdogo wake alisema wakiwa njiani.

"Linakusikia. Wewe ndiye unalipigia kelele. Punguza mguu."

Alimfundisha yote, na mdogo wake alishika haraka. Walipofika kileleni, Tone akasema, "Sasa itoe gia."

Mdogo wake alitazama nje. "Kaka, kile kibao kinasema..."

"Kibao hakiendeshi gari. Umekuja kusoma au kufanya kazi?"

Gia ikatoka. Lori likaanza kukimbia kimyakimya, kimya cha kutisha kwa kitu kizito namna ile. Tone alimwelekeza kona kwa kona: usipite hamsini, usikandamize breki ikakaa, gusa, achia, gusa. Walipofika bondeni shati la mdogo wake lilikuwa limegandana na mgongo. Alipumua, kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mara ya pili hutatoka jasho," Tone alimwambia.

Kweli, hakutoka. Miezi mitano baadaye ndiye aliyekuwa akisimamishwa mbele ya wenzake siku ya Jumatatu, na Tone akimpigia makofi.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, manyunyu yakianguka. Tone alikuwa kule boharini akishusha mzigo aliposikia simu za madereva zikilia moja baada ya nyingine, na kila aliyepokea akimtazama yeye.

Aliyeshuhudia alikuwa mfanyakazi wa barabara aliyekuwa akizibua mtaro. Alisema lori la mdogo wake Tone lilikuta trekta linalokokota tela la mbao, likaenda nyuma yake kona nne, breki zikishikwa muda wote, mpaka magurudumu yakafuka moshi. Trekta lilipopisha, lori halikupunguza tena. "Nilimwona akihangaika na gia," alisema. "Alikuwa anaisukuma kwa mkono wote. Ilikataa. Akapiga honi mfululizo ili watu wa chini wakimbie. Honi ndiyo niliyoisikia mwisho, hata baada ya lori kupotea korongoni."

Walimzika Jumamosi. Mama yao, mwanamke mzee aliyekuwa haoni vizuri, alimshika Tone mkono kaburini na kusema, "Afadhali wewe umebaki, baba." Tone aliona heri ardhi ingepasuka immeze.

Jumanne mabaki ya lori yalikokotwa mpaka yadi. Fundi mkuu, mtu wa maneno machache, aliinama akaingiza kijiti kwenye tenki, ambalo kwa ajabu halikupasuka. Kijiti kikatoka kimelowa zaidi ya nusu.

"Gia ilikuwa huru," fundi alisema.

Tone alikitazama kijiti.

"Wewe ulimfundisha."

"Alikuwa anabana mafuta."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. "Sikiliza. Lori hili likiteremka ndani ya gia, na mguu haupo kwenye mafuta, pampu inafunga. Injini inazungushwa na magurudumu. Hainywi kitu. Ukiitoa gia ndiyo inalazimika kunywa ili isizimike."

"Unasema nini?"

"Nasema pale mteremkoni hamkubana chochote. Mlikuwa mnatumia zaidi. Mafuta mliyobakiza yalitokana na matairi, na mguu mwepesi, na yale mengine yote."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia msimamizi mara mbili. Akaniuliza, hodari wa mafuta ni mimi au ni Tone?" Fundi akatazama pembeni. "Mgema akisifiwa sana, tembo hulitia maji. Ningekuja kwako mwenyewe. Sikuja. Na mimi lipo la kwangu."

Ripoti ya kampuni ilikuwa na ukurasa mmoja, na sababu ilikuwa na maneno matatu: uzembe wa dereva. Tone alipoingia ofisini kulalamika, msimamizi alifunga mlango. "Usijiingize," alisema kwa upole. "Marehemu hashtakiwi. Wewe una kazi yako."

Nakala ilikuwa imeshapelekwa kwa mjane. Tone alimkuta sebuleni, akikunja sare za mume wake na kuzipanga kwenye sanduku. Watoto walikuwa shule.

"Shemeji, kaa," alisema. "Wameandika mume wangu alikuwa mzembe. Wewe ulimjua tangu mdogo. Alikuwa mzembe?"

Ingetosha kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini. Badala yake Tone akamweleza yote: kibao, gia, shati lililoloa, hata maneno ya fundi. Mikono ya mjane iliendelea kukunja shati lilelile, kulikunjua, kulikunja.

"Hiyo dizeli mliyobakiza," aliuliza mwishoni, "ninyi mlikuwa mnapata nini?"

Tone akasema, "Sifa."

Mwanamke yule alilitia shati sandukuni. "Mama anajua?"

"Bado."

"Utamwambia wewe. Mimi sitakubebea. Na kule walikoandika, waandike upya. Wanangu watakua, watausoma huo ukurasa."

Tone alienda polisi wa barabarani akaandikisha maelezo, kurasa tatu. Fundi alienda naye, akaandikisha yake. Ilichukua miezi saba, lakini neno uzembe lilifutwa, na badala yake ikaandikwa kwamba marehemu aliendesha kama alivyoelekezwa kazini. Msimamizi alihamishiwa yadi nyingine. Tone alinyang'anywa leseni, na sasa anapakia mifuko kwenye malori ambayo wengine wanayaendesha.

Mama yake alipoambiwa, hakumwita kwa siku mbili. Siku ya tatu alimwita, akamwomba amsomee dawa zake, ipi ya asubuhi na ipi ya jioni, na hakuligusia tena jambo hilo.

Jumapili Tone huenda kuwaona watoto wa mdogo wake. Mama yao humfungulia mlango, humpa kiti na maji ya kunywa, kisha huenda kukaa uani mpaka aondoke. "Karibu," humwambia. Lakini "shemeji" hamwiti tena.