Mikono Chini ya Shuka

Bibi Dina alifikishwa hospitali akikohoa kama lori la Hedaru lililolazimishwa kupanda mlima. Vijana walimbeba kwa machela tangu kijijini, wakiteleza kwenye tope la masika, na yeye njia nzima akiwaambia wapunguze mwendo, maana hajafa bado na wasije wakazoea. Ulikuwa mwaka ule Malkia mpya wa Waingereza alipovikwa taji. Mjukuu wake alikuwa amepewa shuleni kikombe chenye sura ya Malkia, akamwazima bibi yake akanywee dawa.

Kichomi kilisikia sindano. Baada ya siku chache Bibi Dina alikuwa anakaa kitandani, anakunywa uji na kuusema vibaya. Kilichomkosesha raha hakikuwa kifua. Kilikuwa mkono.

Siku ile ugonjwa ulipomwanzia, alikuwa amekwenda kwenye ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba, kuangalia kama majirani hawajamwibia zamu yake ya maji. Homa ikamzungusha kichwa, miguu ikaanza safari ya kwenda majini bila ruhusa yake. Mkwewe Esta, mke wa mwanawe Yusto, akaruka akamdaka mkono. Akamwokoa. Lakini ngozi ya mkono ule, kutoka kiwiko kushuka chini, ilibambuka kama ganda la kitunguu. Damu ilikuwa kidogo, ila kilio kilikuwa kikubwa, na mwenye kulia alikuwa Esta, si mwenye mkono.

Basi ndugu wa mume walipokuja kumjulia hali wakauona ule mkono. Hawakuuliza habari za ndiva. Waliuliza habari za Esta.

Aliyeuliza kuliko wote ni Mzee Naftali, mdogo wa marehemu mume wa Bibi Dina. Alikuwa mzee mkavu mwenye koti la kanisani, na fimbo ambayo aliitumia zaidi kuelekezea watu kuliko kutembelea. Huyu alikuwa na rafiki yake Hedaru, na rafiki alikuwa na binti, na Mzee Naftali alikwisha kumwona binti yule, moyoni mwake, akipika nyumbani kwa Yusto. Esta alikuwa amemkalia njiani kama jiwe.

"Mkwe kampiga mama mkwe," alisema. "Hili si jambo la jikoni tena. Ni la ukoo."

Bibi Dina akafanya kosa ambalo mama mkwe wa Kipare halifanyi mara mbili: akamsifu mkwe wake. Akisema neno jema moja, watu husema ana roho nzuri. Akisema la pili, watu hutazamana. Yeye alikuwa na homa, akasifu mpaka makande ya Esta. Mzee Naftali akatikisa kichwa kwa huzuni iliyomfurahisha sana.

"Mnamsikia? Amelishwa kitu huyu. Jumapili tutakwenda wote hospitali, Yusto auone mkono kwa macho yake. Jumatatu huyo mwanamke arudi kwao Gonja na sanduku lake. Watoto wanabaki."

Esta alikuja katikati ya wiki na bakuli la makande, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelia nini, vitunguu au Naftali?"

"Mama, usinitetee tena. Kila ukinitetea wananiongezea kosa. Jana shangazi kasema nimekufunga ulimi."

"Mimi nifungwe ulimi!" Bibi Dina alisahau kukohoa kwa hasira. "Marehemu baba mkwe wako alijaribu maisha yake yote hakuweza. Na Yusto anasemaje?"

"Yusto anasema tungoje Jumapili."

"Huyo ni mtoto wangu, namjua. Hata kuzaliwa alingoja." Bibi Dina akala kijiko kimoja, akatafuna kwa mawazo. "Kwa maneno hatutashinda, mwanangu. Wamekwisha kuziba masikio. Itabidi waonyeshwe."

"Waonyeshwe nini?"

Hilo Bibi Dina hakulijua bado, kwa hiyo akajikohoza.

Alilijua kesho yake, alipotazama dirishani. Enzi zile bandeji haikutupwa; ilifuliwa, ikachemshwa, ikaanikwa, ikaviringwa na kurudi kazini. Nje, kamba za kuanikia zilikuwa zimejaa bandeji mpaka zinalegea, nyeupe pe, kama mlima mzima ulikuwa umevunjika miguu. Akageuka kuangalia wodini. Miguu iliyofungwa hakuiona. Aliona wanawake wazee kama yeye, vitanda pande zote mbili, kila mmoja amevuta shuka mpaka kidevuni na joto lote lile.

Akamwita Dorkasi, muuguzi kijana aliyekuwa akifunga vidonda asubuhi nyuma ya pazia la mbao na kitambaa.

"Mjukuu wangu, bandeji zote zile za nani?"

"Za wagonjwa, Bibi."

"Nilidhani za ng'ombe. Wagonjwa gani?"

Dorkasi akatazama huku na huku. "Kila mmoja kanibembeleza nisimtaje, Bibi, na mimi sitamtaja. Lakini wewe usijione mkosi. Ngozi ya mtu mzima ikishachoka inakuwa kama karatasi ya kuwashia moto. Ukimshika mkono, inachanika. Akijigonga kitandani, inachanika. Zaidi ya nusu ya bibi zangu humu ndani wana jeraha kama lako. Wengine walikuja nalo, wengine wamelipatia humu humu, na Sista, mkuu wa wodi, hapendi hata kidogo tukilisababisha sisi."

"Sasa mbona wanaficha?"

"Si mnaogopana? Kila mmoja anadhani wenzake watasema alilewa pombe ya miwa, akaanguka na dengelua."

Bibi Dina akanyamaza, jambo lililomtia Dorkasi wasiwasi. Kisha akatabasamu kwa meno aliyobaki nayo.

Kitanda cha jirani alilala Bibi Salama wa Hedaru, mjane mwenye ulimi wa wembe. Tangu afike alikuwa anakula mkono mmoja ukiwa chini ya shuka.

"Salama mwenzangu," akamwuliza, "mkono wako wa kulia una nini?"

"Una usingizi. Na wako wa kushoto una nini, ulianguka na dengelua?"

Ni kweli, basi, walikuwa wanaogopana. Kuwaomba waonyeshe mikono yao mbele ya wanaume wa ukoo wa watu ingekuwa kazi bure. Mwanamke mzee hamwonyeshi mgeni jeraha lake kwa kuombwa. Ilibidi atoe kitu ambacho mkono wa mwanamke mzee hukifuata kabla akili haijaulizwa.

Na Bibi Dina alikuwa nacho. Katika kikombe kile cha Malkia, chini ya kitambaa safi, hapakuwa na dawa. Palikuwa na ugoro. Sista alikuwa amepiga marufuku ugoro wodini, akapekua mito na vifurushi vyote, lakini kila alipopita alikiinua kile kikombe, akaitazama sura ya Malkia kwa upendo, akakirudisha mahali pake. Wenzake walikuwa wamekaa siku nyingi bila kunusa hata chembe. Walikuwa wanaota ugoro.

Jumapili ikafika. Ibada ilipokwisha milango ya wodi ilifunguliwa, Mzee Naftali akatangulia, koti amelikunja begani kwa sababu ya jua, mikono ya shati ameipandisha kama mtu aliyekuja kuchinja. Nyuma yake walifuata Yusto, ameinamisha kichwa, na shangazi wawili watatu waliovaa sura za matanga. Esta alikuja nao, amebeba bakuli lake la makande.

"Wewe baki hapo mlangoni," Mzee Naftali akamwambia, na fimbo ikamwonyesha mahali. Esta akabaki.

"Shikamoo, mama," alisema Yusto.

"Marahaba, mwanangu. Inua uso, hujafiwa."

"Shemeji," akaanza Mzee Naftali, sauti ya kuhubiri, "hatukuja kukuchosha. Toa mkono, Yusto auone."

Bibi Dina akautoa kwa utii uliowashangaza wote. Dorkasi alikuwa hajaufunga upya, na jeraha lilionekana, jekundu na refu. Shangazi mmoja akaziba mdomo. Yusto akafumba macho. Mzee Naftali akaielekeza fimbo kwenye ule mkono, kisha mlangoni.

"Hiyo ndiyo kazi ya mkeo. Kitu gani kingine duniani kinamchuna mtu hivyo?"

"Shemeji, umeshinda," alisema Bibi Dina. "Mimi ni mgonjwa, sina nguvu ya kubishana. Lakini kabla hujamaliza maneno yako, niruhusu nigawe kidogo nilicho nacho, nisije nikafa nikaitwa mchoyo."

Akakiinua kikombe juu, akakifunua. Harufu ikatoka.

"Akina mama!" aliita kwa sauti ambayo kichomi kilikuwa kimeificha wiki nzima. "Ugoro wa Hedaru, uliosagwa na magadi! Nina wa kunusa mara moja tu kila mtu, na asiyenyoosha mkono simjui!"

Kulikuwa na muuguzi pale mlangoni aliyepaswa kuzuia jambo lile. Dorkasi alikuwa ameona kitu cha kumshughulisha sana kwenye dari.

Mikono ikainuka. Ilitoka chini ya mashuka upande huu na upande ule, myembamba, inatetemeka kwa hamu, inasukumana hewani, na mashuka yakaporomoka mpaka mapajani. Kulikuwa na mikono iliyofungwa kiganjani, na mingine kiwikoni, na bibi mmoja alinyoosha yote miwili na yote miwili ilikuwa na bandeji. Wodi ilikuwa kama shamba lililotuliwa na yangeyange.

Shangazi aliyeziba mdomo akaufungua.

"Ee Salama," Bibi Dina akasema taratibu, "kumbe na wewe mkweo ni Esta?"

Bibi Salama akautazama mkono wake kama amesalitiwa nao. Kisha akatazama mikono ya wenzake, kitanda hadi kitanda, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Esta ndiye nani? Mkwe wangu yuko Mombo, hatujaonana tangu Idi. Mimi nilijigonga kwenye hii meza ya dawa."

"Mimi ni plasta," akasema mwingine. "Ilibanduliwa ikaondoka na ngozi yake."

"Mimi mwanangu alinivuta nikae nile uji. Maskini, mpaka leo hajui, nilimficha."

"Mimi hata sijui! Niliamka nikakuta!"

"Kumbe na wewe?"

"Kumbe wote! Na mimi nimelala na joto hili mwezi mzima nikiogopa ulimi wako!"

Wakaanza kucheka, kwanza huyu, halafu yule, mpaka vitanda vya chuma vikalia. Yusto alikuwa amefumbua macho. Alitazama mikono, akatazama mkono wa mama yake, akageuza uso mlangoni alikosimama mkewe. Alianza kupiga hatua kuelekea huko.

"Simama!" alifoka Mzee Naftali. "Hamwoni? Wote hawa wamepigwa makwao! Dunia imeharibika, wakwe wamekuwa simba! Ngozi ya mtu haichaniki hivi hivi!"

Na ili ukweli ule uwaingie vizuri, akageuka na fimbo yake kuwaelekeza wodi nzima, na mkono wake, ule usio na koti wala shati, ukapita kwenye pembe ya kitanda cha Bibi Dina. Hakuugonga kwa nguvu. Ulikwaruza tu.

Alipoushusha, ngozi ilikuwa imebambuka toka chini ya kiwiko, nyembamba na ya kijivu, kama ganda la kitunguu.

Mzee Naftali aliitazama. Fimbo ikaanguka.

"Esta!" aliita Bibi Dina, naye hakumwondolea shemeji yake macho. "Uko wapi, mwanangu?"

"Niko hapa mlangoni, mama."

"Na mikono yako iko wapi?"

"Imeshika bakuli, mama."

"Asante. Nilitaka wenye macho walione hilo."

Shangazi mmoja alianza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, akashindwa. Dorkasi akamkalisha Mzee Naftali kwenye ukingo wa kitanda, katikati ya wodi ya wanawake, akailoweka ile ngozi na kuirudisha mahali pake polepole, kama mtu anayetandika shuka la mtoto, kisha akafunga bandeji. Bandeji ya mzee ilikuwa sawa kabisa na ya Bibi Salama.

Yusto alifika mlangoni. Akampokea mkewe bakuli, mbele ya ukoo, mwanaume mzima na bakuli la makande, akamshika Esta kiganja akamleta mpaka kitandani kwa mama yake.

"Nisamehe," alimwambia, na hakusema kwa sauti ndogo.

"Umechelewa, lakini umefika," alisema mama yake. "Sasa shemeji. Habari za Jumatatu umeniambia. Sanduku ulisema linakwenda wapi?"

Mzee Naftali akaitazama bandeji yake. "Sanduku linabaki."

"Sijasikia. Nina kichomi."

"Linabaki! Esta anabaki kwake. Na asemaye vingine aje aseme na mimi."

Vigelegele vikapigwa na mapafu mabovu kuliko yote ya milima ya Upare, vikaruka dirishani vikapita juu ya kamba za bandeji. Bibi Dina akangoja vitulie, maana bado hakuwa amemaliza.

"Umemsingizia mbele za watu, utakula chakula chake mbele za watu. Hatutaki uende nyumbani useme unamwogopa."

"Shemeji, mkono wangu wa kulia..."

"Tunauona. Esta, mwanangu, mlishe baba yako mkwe mdogo. Usimshike mkono tu, wazee wanachanika."

Esta alichota kijiko kilichojaa. Kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze alikuwa anacheka, na alicheka machozi yakamdondoka, kijiko kikatikisika mbele ya pua ya mzee.

"Fungua kinywa, shemeji," alisema Bibi Dina, huku akipitisha kikombe cha Malkia kitanda kwa kitanda. "Akikupiga kwa kijiko, mashahidi tupo."

Mzee Naftali akafungua kinywa. Makande yakaingia. Akatafuna, na wodi nzima ikanyamaza kumsikiliza, mikono ile yenye bandeji ikiwa wazi juu ya mashuka.

"Yana chumvi ya kutosha," alikiri hatimaye, akafungua kinywa tena.