Kikombe cha Kampuni

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo alikuwa hajawika bado, na Rodah alikuwa ameketi jikoni akisugua ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kwa kijiti chenye mkaa, kama mtu anayengoja mgeni wa maana.

Phelis, jirani yake aliyetoka upande wa Kisii, aliingia na kuni. Tangu Kipruto azikwe hakuwahi kuja mikono mitupu.

"Bado unamngoja tu, Mama Kipruto?"

"Leo atakuja. Ametuma neno."

Aliyengojwa ni Weldon, mwenye lori la kubeba majani ya chai. Kipruto, mwana wa Rodah, alikuwa mpakiaji wake. Alimwambia Weldon kwamba breki hazishiki, Weldon akamjibu amalize kwanza mzigo wa siku ile. Kwenye mteremko wa kuelekea Ndanai lori likabingirika, likamlalia.

Huku kwao mtu akimwumiza jirani huja mwenyewe, huketi, hulitamka kosa kwa kinywa chake. Rodah hakutaka kingine. Alipoitwa kortini alidhani atalisikia huko. Badala yake wakili wa Weldon alisema lori lilikuwa mali ya Mlima Baridi Transporters Limited, na kampuni ni mtu mbele ya sheria: ana jina lake, mali yake na makosa yake. Hakimu akaitia hatiani kampuni. Nayo haikuwa na kitu ila lile lori lililopondeka. Ng'ombe, nyumba ya mawe, shamba la chai, vyote vilikuwa vya mtu mwingine, ndiye Weldon.

"Huyo kampuni anakaa wapi?" Rodah alimwuliza wakili walipotoka.

"Ana sanduku la posta, mama," wakili akajibu, wala hakuwa akifanya mzaha. Alimshika mkono akamsaidia kushuka ngazi. Alikuwa mtu mwenye adabu.

Jua lilipochomoza Weldon akabisha hodi, amebeba mkate na sukari. Zamani, alipokuwa kijana, alikuwa akimbebea Rodah kikapu cha majani hadi banda la kupimia, bila kuombwa. Rodah hakuwa amesahau.

"Mama, pole sana kwa yale ambayo kampuni ilikufanyia."

Rodah akamimina mursik kutoka kibuyu kingine katika vikombe viwili. Kimoja alimpa mkononi, cha pili akakiweka kwenye kiti kitupu kando yake.

"Hicho cha nani, mama?"

"Cha kampuni. Si mmekuja wawili?"

Phelis akaguna. "Ama yeye hanywi maziwa? Labda amezoea kulamba stempu."

Weldon hakucheka. "Wakili amenikataza, mama. Nikisema ni mimi, watachukua hata boma."

"Sikuombi boma. Kipruto alikuambia habari ya breki?"

Weldon alikitazama kile kikombe cha pili.

"Aliiambia kampuni," akasema.

Alipotaka kukiweka kikombe chake chini, mursik ikamwagikia suruali. Rodah akachukua leso yake akampangusa goti, taratibu, kama alivyokuwa akimpangusa Kipruto. Weldon akainuka bila kunywa.

Rodah alimsindikiza mpaka langoni. Umande ulikuwa bado kwenye michai.

"Uje tena, Weldon," akamwambia. "Kibuyu nitakisugua. Lakini siku hiyo, mwanangu, uje peke yako."