Sahani ya Mgeni

"Asikanyage kwangu," mama alisema. "Hakuja kumzika baba yake, leo aje kula samaki wangu?"

"Alikuwa amelewa, Halina," bibi akajibu. "Si kwamba hakutaka."

"Kwa hiyo nimshukuru?"

Walikuwa wameanza kwenye basi, wakaendelea kwenye lifti, na sasa walikuwa wakinong'onezana kwa hasira katika foleni ya Baba Krismasi, ghorofa ya tano ya duka kubwa kuliko yote Milwaukee. Ilikuwa mkesha wa Krismasi, mwaka 1958. Nilikuwa na miaka minane na koti lililonibana kwapani. Waliyekuwa wakimgombania ni mjomba Zygmunt, kaka yake mama. Tangu mazishi ya babu, mwezi wa nne, mama hakuwa amelitaja jina lake.

"Sahani si ipo," bibi alisema.

"Ile ni ya mgeni. Zygmunt si mgeni."

Wapolandi wote wa mtaani kwetu waliandaa sahani moja ya ziada jioni ile, kwa yeyote atakayebisha hodi. Hakuna aliyewahi kubisha. Kila mwaka tuliiosha ikiwa safi.

Zamu yangu ikafika. Baba Krismasi alinipakata, akaona kamba ya kiatu changu imefunguka, akainama kuifunga. Alitumia mkono wa kushoto, akapiga fundo mara mbili, kisha akalivuta kulijaribu. Alinuka ngozi mbichi. Wanaume wengi wa kwetu walifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi, na harufu ile haikutoka kwa sabuni yoyote. Lakini aliyekuwa akinifunga viatu namna ile alikuwa mmoja.

Baadaye nimewapeleka wanangu mwenyewe kwa akina Baba Krismasi kadhaa. Wao hutazama ndevu. Mimi hutazama mikono.

"Haya, binti, unataka nini?" aliuliza kwa sauti nzito ya kuigiza.

"Nyumbani tuna sahani ya ziada," nikamwambia. "Mama anasema ni ya mgeni. Wewe ni mgeni?"

Mpiga picha alituambia tutabasamu. Hakuna aliyetabasamu, picha hiyo ninayo.

"Muulize mama yako," alisema mwishowe, kwa sauti yake mwenyewe.

Bibi aliitambua sauti ile, akashika mdomo. Mama aliiruka kamba ya foleni, akapanda jukwaani na viatu vyake vyenye theluji, akainama mpaka pua yake ikakaribia ndevu zile za pamba, akamnusa pumzi. Alinusa taratibu, kama anavyonusa maziwa ya juzi, huku foleni nzima ikimtazama. Mjomba alitulia, mikono juu ya magoti, akasubiri.

Mama akainuka.

"Umeacha tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Na kaburini kwa baba?"

"Naenda kila Jumapili. Wewe unaenda Jumamosi."

Mtoto aliyekuwa nyuma yangu akaanza kulia.

"Unatoka saa ngapi?" mama akauliza.

"Wakifunga. Saa kumi na moja."

Mama alinishika mkono, akaniteremsha, akatuongoza mimi na bibi hadi kwenye benchi la kujaribia viatu. Akaketi, akavua glavu, akaziweka mapajani.

"Samaki atapoa," bibi alisema kwa uangalifu.

"Nitampasha moto," mama akasema. "Kaa, mama. Tunamsubiri."