Sahihi ya Doña Fidelina

Eulalia Banegas alivimwaga vidonge vyake juu ya meza ya Nohemí na kuvipanga kwa kidole. Vilikuwa tisa.

"Na cha leo bado sijameza," alisema.

Nohemí Arriaga, ofisa wa ustawi wa jamii, alizijua hesabu hizo kuliko umri wa wanawe. Kila miezi sita mwanamke kama Eulalia alipaswa kuthibitisha upya kwamba bado anaishi Houston, kana kwamba virusi vina desturi ya kuhama mji. Mwenye mkataba wa nyumba huleta mkataba. Eulalia hakuwa nao. Yeye na binti yake Yareli walikaa chumba cha nyuma kwa doña Fidelina, comadre wake, aliyemsimamia huyo Yareli siku ya ubatizo kule kwao Yoro. Kwa hiyo Fidelina ndiye aliyepaswa kuandika kwamba ndiyo, huyu anaishi kwangu.

Kwa miaka minne Nohemí alilimaliza jambo hilo kwa ujanja wake mwenyewe. Kabla ya kutoa nakala ya fomu, aliweka kipande cha karatasi nyeupe juu, pale palipoandikwa kwa herufi nene jina la ofisi: Mpango wa Dawa kwa Wenye Virusi vya Ukimwi. Ilitoka barua isiyosema lolote. Fidelina aliitia sahihi jikoni, mikono ikiwa na unga, akiamini ni mambo ya kliniki ya shinikizo la damu. Sasa ofisi ya dawa ilizigomea barua hizo. Ilitaka kwanza kumpigia simu aliyetia sahihi, imsikie kwa masikio yake.

"Comadre akijua saa nne," Eulalia alisema, "saa tano mama yangu kule Yoro keshapigiwa simu na majirani. Nakuomba, dada Nohemí."

Nohemí aliipigia ofisi ya dawa, akasikilizishwa muziki dakika arobaini. Msimamizi alikuwa mpole. Wote walikuwa wapole, na hilo ndilo lililomchosha Nohemí kuliko matusi. Aliambiwa aandike maelekezo kwenye faili la mteja, nayo yatafuatwa. Akaandika kwamba mpigaji asitaje ugonjwa. Aliisoma sentensi yake mara mbili, akaituma.

Walipiga Jumanne asubuhi. Mpigaji hakutaja ugonjwa. Alimsalimu Fidelina kwa Kihispania kizuri, kisha, kama kanuni inavyomtaka, akajitambulisha kwa jina kamili la ofisi yake.

Alhamisi Eulalia alirudi na mfuko mweusi wa plastiki, nguo zake ndani. Alisema amehifadhiwa siku mbili kwenye chumba cha mashuka cha hoteli anakofua. Hakulia. Alisimulia kwamba aliporudi kutoka kazini alikuta mfuko umeshafungwa mlangoni, kikombe chake na kijiko chake vimewekwa juu, na sakafu ya chumba cha nyuma imepigwa klorini mpaka macho yanawasha. Fidelina hakumtukana hata neno moja.

"Na Yareli?" Nohemí aliuliza.

"Amebaki. Comadre kaniambia, 'Mtoto niachie. Si ndiyo maana ulinipa nimsimamie?'"

Kwao Yoro, msimamizi wa ubatizo humchukua mtoto mama akifa. Fidelina alikuwa amemzika Eulalia angali hai, amesimama mlangoni, na kwa akili yake alikuwa akitimiza wajibu. Nohemí alikasirika. Alisema ataenda nyumbani kwa huyo mama sasa hivi, amweleze kwamba kwenye damu ya Eulalia virusi havionekani tena hata kwa mashine, na kwamba kikombe hakijawahi kumwambukiza mtu.

"Umweleze nini wewe?" Eulalia alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea zile barua. Anasema ugonjwa angeuvumilia. Kinachomuuma ni miaka minne ya kumfanya mjinga jikoni kwake."

Nohemí alitaka kusema kwamba alifanya vile kumlinda Eulalia, na akaona aibu kulisema.

"Tazama basi kama wamenikubali," Eulalia alisema. "Angalau hilo."

Nohemí alifungua faili kwenye kompyuta. Alama ilikuwa ya kijani. Makazi yamethibitishwa, ombi limekubaliwa, dawa za miezi mitatu.

"Wamekukubali. Zimeshatumwa kwa posta. Zinafika leo mchana."

Eulalia alishusha pumzi na kuketi, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akauliza zinafika wapi.

Nohemí alimgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe. Ilikuwa anwani ya Fidelina, na chini yake mstari mmoja: mzigo huu akabidhiwe tu mtu anayeishi katika nyumba hii.