Karatasi ya Karani

Karani aliiweka karatasi kwenye meza yangu ya kutengenezea vitasa, akaigeuza niisome.

"Soma taratibu, Afande. Siku hizi huna haraka."

Nilikuwa nimeacha upelelezi miaka tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akitupigia taipu kituoni, enzi za utawala wa zamani, chumba cha pili. Karatasi ilikuwa malalamiko ya mpishi niliyemfunga kwa wizi wa saa: eti nilimchapa mpaka akakiri. Chini kulikuwa na alama ya dole gumba la kushoto, kama fomu zetu zilivyotaka. Na Jumamosi binti yangu alikuwa anaolewa na mtoto wa mpishi huyo.

"Uliificha hii," karani akasema. "Kesho njoo mahakamani, uape ulishuhudia dada yangu akiniuzia nyumba yake. Usipokuja, wakwe zako watasomewa mbele ya wageni. Baki nayo, ninayo nyingine."

Je, nilimchapa? Sikukumbuka. Tulikuwa tunachapa watu, nisijifanye mtakatifu. Alipoondoka nilibaki na kitasa mkononi, jasho likinitoka kama mwizi.

Asubuhi sikwenda mahakamani. Nilikwenda kwenye hoteli anakofanya kazi mpishi, mlango wa jikoni, nikamwita. Tulikuwa tumepeana mkono mara mbili tu, walipokuja kuposa.

"Mkwe, kabla mtu hajakusomea hii, nikusomee mimi."

Nikasoma yote. Alifuta mikono kwenye aproni, akaipokea, akaikodolea macho ile alama ya wino. Kisha akaangua kicheko, jiko zima likageuka.

"Dole gumba la kushoto! La nani?" Akaniinulia mkono wa kushoto. Vidole vinne. "Langu lilikwenda na shoka la nyama kabla hatujajuana. Siku ile ulinifokea naharibu fomu, ukanipaka wino la kulia!"

Karani hakuwahi kutoka chumbani kwake. Watuhumiwa wetu aliwajua kwa karatasi tu. Na alikuwa na hakika sitathubutu kumwuliza mwenyewe.

Nikakaa juu ya gunia la viazi.

"Kwa hiyo sikukuchapa?"

"Kofi moja ulinizaba. Saa niliiba kweli, lakini kofi lile sijalisahau."

"Nisamehe, mkwe."

"Hii kampe hakimu, amtambue karani wako." Akanirudishia karatasi, na kisu juu yake. "Ila kwanza inuka umenye viazi. Umekalia chakula cha watu."