Herufi Ndogo

Nitasema ukweli: Kanyiva nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza, na wala sikuuficha.

Kabla hajaja, mwaka wa tisini na saba, pale ofisini kwa Bwana Navin, Moi Avenue, hakuna websaiti iliyoenda hewani bila mimi Thuo. Wengine walitengeneza kurasa. Kuzipandisha kwenye seva ya ng'ambo ilikuwa kazi yangu. Faili moja moja, kwa laini ya simu, amri zote nimezikariri, na laini ikikatika naanza upya. Wateja walisubiri nimalize chai kwanza. Nilipenda hivyo.

Basi msichana huyu wa Kabiria, niliyemfunza mimi mwenyewe, akaandika programu. Unaweka kurasa zako kwenye folda moja, unabonyeza mara moja, zote zinapanda zenyewe. Bwana Navin akaniambia wataijaribu Ijumaa mbele ya mteja, na ikifaulu, mimi nitatafutiwa kazi nyingine. Kazi gani? Hakusema. Roho iliniuma hadi chakula kikanishinda.

Sasa, kompyuta zetu hazikujali herufi kubwa wala ndogo. Seva ilijali: herufi moja ikitofautiana kwenye jina, picha haionekani. Kosa hilo Kanyiva alilifanya alipokuwa mgeni, nikamfokea ofisi nzima ikisikia. Ijumaa asubuhi, alipotoka kununua maziwa, nikafungua folda yake nikabadilisha jina la picha ya duka la mteja. Nikaweka D kubwa. Kisha nikarudi kwa kiti changu nikajifanya hamnazo.

Kanyiva akabonyeza. Tukangoja. Katikati ya kazi, maneno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta: "Thuo anasema: herufi ndogo." Programu ikalirekebisha jina yenyewe, ikaendelea. Picha ya duka ikaja safi kabisa. Watu wakacheka, Bwana Navin akanipigapiga begani.

"Nilikuweka humo, mwalimu," Kanyiva akaniambia. "Bila wewe nisingejua."

Hakujua nilichofanya. Afadhali angejua, anitukane, yaishe.

Kufikia Jumatatu ofisi nzima ilikuwa ikiiita ile programu Thuo. Weka kwa Thuo, wanaambiana, Thuo amemaliza. Saa nne mteja mmoja mgeni akaingia, akasema ameambiwa amwone Thuo. Nikasimama, nikanyoosha tai.

Bwana Navin akamwelekeza kwa kompyuta.