Uso wa Mwenye Shoka

Kamati ya jubilei iliponiomba picha ya miaka tisini ya usharika, nilijiwekea sharti moja: nisichore jambo ambalo halijasemwa na wazee watatu, kila mmoja akihojiwa peke yake. Mimi ni mchapaji wa fulana hapa Same mjini. Kazi hii nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu vitambaa vingi, na mtu aliyejifunza hivyo hupima kila kitu mara mbili.

Usharika wenyewe uko milimani, kwenye kitongoji kimoja juu ya Myamba. Walitaka nakala sabini tu, kwenye karatasi nzito, kila moja na namba yake na sahihi yangu kwa penseli, kisha skrini, zile fremu za kitambaa zinazopitisha rangi, zioshwe isichapwe nyingine. Kila familia ya waanzilishi ipate moja. Hakuna aliyewahi kuniomba niweke sahihi kwenye kitu. Fulana ya msiba haina jina la aliyeichapa.

Nilihoji wazee saba kwa miezi miwili. Kwa walivyosimuliwa na wazazi wao, walitofautiana kuhusu mvua ya siku miti ilipoangushwa na wimbo ulioimbwa. Wengine walitofautiana hata kuhusu mwezi. Lakini wote walisema mbao za kanisa la kwanza zilitoka kwenye mpungi, msitu wa matambiko wa ukoo, ambamo hakuna aliyekuwa amethubutu kuvunja hata kijiti. Waumini walipanda asubuhi wakiimba, na wa kwanza kuinua shoka alikuwa Aminieli. Aliyepasua magogo kuwa mbao alikuwa Sylvester, Muha mwenye msumeno, aliyepanda kutoka mashamba ya mkonge kule bondeni.

Binti yake Sylvester bado yupo. Anaitwa Jenoveva, ana miaka themanini, na analima tangawizi kwenye kipande kidogo chini ya ndiva, lile bwawa la kienyeji linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Yeye ana zamu ya pili. Baba yake alipewa zamu hiyo kama shukrani kwa zile mbao, na wanaokuja mwishoni hupata matope.

"Baba hakugusa mti uliosimama," aliniambia. "Alisema mti wa mizimu ya watu wauangushe wenyewe. Ukishalala, ni mbao."

Akanipa picha ya baba yake, ya pasipoti, imechakaa pembeni. Hakuwa na nyingine.

"Mchore na msumeno wake, mwanangu. Hapa sisi bado ni wageni. Wakiuona msumeno watakumbuka tulikuja kufanya kazi, na maji yale tuliyapata kihalali."

Nilimwahidi.

Picha ilikuwa na rangi nne, na kila rangi ina skrini yake: udongo, kijani, bluu ya mlima, na mwisho nyeusi, inayobeba mistari na nyuso. Nyuso zote nilizichora kwenye vipande vya karatasi inayopitisha mwanga, nikavibandika kwa utepe wa gundi juu ya mchoro mkubwa. Nilifanya hivyo ili mzee mmoja akikumbuka vizuri zaidi, nibadilishe uso bila kuchora upya. Nilijivunia utaratibu huo.

Mzee Anold, mwenyekiti wa kamati, aliteremka mjini siku tisa kabla ya jubilei. Karatasi sabini zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba, zimeshapigwa rangi tatu. Yeye ni mjukuu wa Aminieli. Kwenye harusi za ukoo wao nimewahi kumsikia mara mbili akisimulia jinsi babu yake alivyowashinda mizimu kwa shoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Duka lako linanuka kama karakana ya magari."

Alitembea kati ya zile karatasi mikono mgongoni, akafika kwenye mchoro wa nyeusi uliokuwa mezani.

"Huyu ni babu."

"Ndiye."

"Umempatia. Hata pua." Akainua macho. "Ulipopanda kule umekisoma kile kibao cha watu wa mazingira?"

"Nimekisoma."

"Kinasemaje?"

"Kinasema chemchemi zilikauka baada ya msitu wa asili kukatwa."

"Ehe. Sasa mimi nina wajukuu Dar na Moshi. Wanasoma mambo hayohayo ya mazingira. Hii picha itatundikwa sebuleni kwao. Mtu akiuliza, huyu anayekata msitu nani? Watasema nini, fundi? Babu?"

"Lakini mzee, kwenye harusi—"

"Harusi ni harusi. Watu wamekunywa." Akacheka, kisha akaweka kidole juu ya uso wa Sylvester. "Huyu Muha naye alikuwepo. Alikuwa na chuma mkononi. Wewe si umebandika tu hizi nyuso? Huu upelekwe huku, huu uje huku."

"Huyo alipasua mbao tu. Ana binti pale kwenu."

"Jenoveva? Jenoveva haoni hata sindano iliyomchoma. Na huyo mzee wake manamba, nani atamwonea haya? Alikuja, akafanya kazi, akafa. Babu yangu ndiye aliyeleta shule. Unataka akumbukwe kwa shoka?"

Sikumwona kuwa mtu mbaya, na hata leo nasita kumwita hivyo. Ni kweli babu yake alileta shule. Niliuliza kama tunaweza kumwacha mwenye shoka bila uso, akiwa amegeuka. Akasema picha ya waanzilishi yenye kisogo katikati ni kichekesho, na kwamba kama siwezi, kamati itatafuta mtu Moshi aimalizie.

Kubadilisha nyuso kulinichukua dakika kumi.

Jumapili ya jubilei nilikaa kiti cha mbele. Niliitwa kueleza nakala maalumu ni nini. Nikasema kwa sauti yangu ndogo, wakanisogezea kipaza sauti, kwamba zipo sabini tu, skrini nimeshaziosha, na isiyo na namba na sahihi si halali. Walipiga makofi. Familia ziliitwa moja moja. Jenoveva aliitwa pia, akapewa namba arobaini na moja, akaibeba kifuani kwa mikono miwili hadi nje.

Nilikuwa nyuma yake kidogo pale uani. Alimwomba jirani yake, Yudith, amsomee picha.

"Baba yuko wapi?"

"Huyu hapa katikati. Wamempa nafasi nzuri kweli. Ameshika shoka."

"Msumeno."

"Shoka, dada. Na mguu mmoja kaukanyaga mzizi."

"Angalia vizuri, Yudith. Mwenye msumeno ni nani?"

"Mwenye msumeno ni..." Yudith akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "Ni mzee Aminieli huyu. Ee, ni yeye, ile pua." Kisha akacheka, kicheko cha jirani tu. "Kumbe ni ninyi mliotukaushia maji! Na zamu ya pili mnaila miaka yote hii!"

Waliosikia walicheka naye. Jenoveva aliichukua picha yake. Aliikunja ile karatasi nzito, ambayo haikunjwi, akaiweka kwapani. Niliondoka bila kumuaga.

Baada ya wiki tano Vitus, bodaboda anayeniletea mizigo kutoka milimani, aliniambia kikao cha maji kimepanga zamu upya. Waliokuwa wanatania pale uani walikuwa wameacha kutania, sasa walimlaumu Sylvester kwa dhati. Bibi wa Kiha amewekwa mwisho. Aliyaeleza hayo kama habari ya kawaida, huku akifungua kamba za mzigo.

Michoro nilikuwa nayo bado. Nilirudisha kila uso mahali pake, nikapaka dawa skrini nne upya, nikachapa nakala moja tu. Ilinichukua siku nne. Nikapanda nayo kwa pikipiki ya Vitus siku ya kikao cha maji, asubuhi, wakiwa wameketi kwenye ukingo wa ndiva.

Habibu, mwenyekiti wa maji, alinipa nafasi ya kuzungumza. Nikaitandaza picha kwenye nyasi. Nikasema hii ndiyo kweli. Nilihoji wazee saba na daftari ninalo. Nyuso zile nilizibadilisha mwenyewe kwa kuombwa na mzee Anold, na nilikosea kukubali.

Habibu aliiangalia, akageuza upande wa nyuma.

"Fundi, mbona hii haina namba?"

"Ni ya sabini na moja."

"Wewe si ulituambia kanisani ziko sabini, na isiyo na namba si halali? Mimi Mwislamu nilialikwa, nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nilisikia."

"Nilisema."

"Na skrini ulisema umeziosha."

"Nimetengeneza nyingine."

Watu walinong'ona. Habibu akamgeukia mzee Anold, aliyekuwa ameketi miongoni mwao. "Mzee, hili jambo likoje?"

Nilitegemea akasirike. Kama angekasirika, labda baadhi yao wangenielewa. Mzee Anold aliinama akaitazama ile picha kwa muda, kwa upole, kama anayetazama daftari la mtoto.

"Fundi Hezroni ni mtu mwema," alisema. "Amesikia mama yetu ameumia, akaona amchoree yake ya kumfariji. Mimi simlaumu. Ni huruma hiyo."

"Ni huruma," wakaitikia wawili watatu, na mmoja akanipigapiga begani.

Nikasema si huruma, daftari lipo, wale wazee saba wapo, waulizwe. Sauti yangu haijawahi kufika mbali. Habibu akasema wazee waachwe wapumzike, ratiba imeshaandikwa na maji hayasubiri mazungumzo, wakafungua ndiva.

Jenoveva alikuwa amesimama mwishoni mwa mfereji, na jembe lake. Nilimpelekea picha. Hakuipokea.

"Ulipompa baba lile shoka ulikuwa unawaza nini?"

"Karatasi zilikuwa zimeshapigwa rangi tatu, mama. Sabini. Zingeharibika."

"Karatasi."

"Ndiyo."

Hiyo nayo haikuwa kweli yote. Karatasi ningeweza kununua nyingine. Nilikuwa nimeshajaribu sahihi yangu kwa penseli pembeni ya magazeti, kurasa nyingi, nikitafuta mwandiko utakaofaa. Sikumwambia.

"Basi nenda, baba," alisema, "Vitus asikuache."

Sikwenda, nilibaki kando ya mfereji. Maji yalimfikia karibu na saa tisa alasiri, membamba, yakaishia kwenye tuta la tatu. Ana matuta kumi na manne. Vitus, aliyerudi kunichukua, alipiga honi kule juu barabarani, na mimi nikamwashiria anisubiri kidogo, kwa sababu Jenoveva alikuwa ameanza kung'oa tangawizi changa kwenye yale matuta ya chini, ambayo hayakuwa na faida tena, na nilidhani ningeweza kumsaidia. Aliniona nikikunja suruali. Akaniambia nisiingie shambani kwake.